Sura ya Nne: Rimoti Kabla ya Ndege

Anayetamani ndege ndogo ya rimoti kwa kawaida hununua ndege, huivunja, kisha ndipo huanza kuuliza alichopaswa kuuliza mwanzoni. Nyeri humwadhibu mtu wa namna hiyo kuliko Nairobi. Bawa likikatika Ruring'u Jumamosi asubuhi, usitarajie kupata jingine Kimathi Way wala Gakere Road. Litaagizwa ng'ambo, lisubiriwe, lilipiwe ushuru, na hamu ya kuruka itakuwa imepoa kabla halijafika. Ongeza hali ya hewa: kuanzia Juni hadi Agosti mji huamka chini ya wingu zito, manyunyu yanaingia na kutoka, na mlima wenyewe unaweza kufichika siku kadhaa mfululizo. Simyuleta ndiyo uwanja wetu wa msimu huo. Na katika simyuleta, kitu pekee unachoshika kwa mikono ni rimoti.

Ndiyo maana sura hii inaitangulia ile ya ndege.

Eneo hili si geni kwa watu wenye wazimu wa kuruka. Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta wa Nyeri, alianza kufuatwa na kamera za televisheni mnamo 2010 hivi kwa sababu ya ndege alizokuwa akiziunda mwenyewe nyumbani, ndege za kukaliwa na mtu, zenye injini ya gari. Ujasiri huo nauvulia kofia. Msomaji wangu, hata hivyo, ninamshauri aanze na chombo ambacho kikianguka hakuna anayekimbizwa hospitali.

Upande wa Nanyuki kuna kisa kingine, nacho kinaeleza kwa nini mtu mwenye subira huanzia ndani ya nyumba. Hifadhi ya Ol Pejeta ilichangisha fedha mtandaoni ipate droni ya kuwalinda vifaru, na mwishoni mwa 2013 kampuni ya Airware ya Marekani ikaja kuijaribu ndege yake huko. Mwaka uliofuata serikali ilizuia droni, mradi ukakwama. Kanuni za kwanza zilichapishwa 2017, Bunge likazibatilisha 2018, na hizi tulizo nazo ni za 2020. Chini yake droni husajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Haipandi zaidi ya futi 400 bila idhini. Na karibu na viwanja vya ndege hairushwi ovyo. Sasa hesabu viwanja tulivyo navyo: Nyaribo kwa watu wa Nyeri, uwanja wa kiraia wa Nanyuki, na juu ya hivyo kambi ya jeshi la anga ya Laikipia. Ukiagiza seti yenye droni ndani bila kibali, rimoti nayo inaweza kulala forodhani pamoja na droni yake. Agiza rimoti peke yake. Ndege itafuata karatasi zikiwa tayari, nawe utakuwa umeshajua kuiongoza.

Je, simyuleta inafundisha nini hasa? Si kuruka kwa jumla, maana hali ya kujua ndege inapanda au inashuka huja upesi. Kinachowashinda watu ni kugeuka kwa pande. Ndege ikienda mbali nawe, kulia kwake ni kulia kwako. Ikigeuka na kukujia, unasukuma kijiti kulia na yenyewe inaelekea kushoto kwako, akili inashtuka, unasahihisha kwa kuzidisha kosa, na sekunde mbili baadaye umechimba shimo kwenye nyasi. Walimu wana dawa moja: ndege ikikujia, sukuma kijiti upande wa bawa lililolala, kana kwamba unaliegemeza lisianguke. Dawa hiyo inasemwa kwa nusu dakika, lakini vidole huhitaji saa nyingi za kurudiarudia kabla havijaitenda bila kuuliza ubongo. Vidole hivyo vinajifunza urefu wa kijiti, uzito wa springi, na mahali hasa palipo katikati. Ukivifundisha kwenye kifaa kimoja kisha ukavipeleka uwanjani na kifaa kingine, sehemu kubwa ya kazi umeitupa.

Wazo hili lina umri mkubwa kuliko kompyuta. Mwaka 1929, huko Binghamton katika jimbo la New York, Edwin Link, aliyekulia katika karakana ya baba yake ya kutengeneza vinanda, alimaliza kisanduku chenye kiti na mabawa mafupi, kilichoyumba na kuzunguka kwa mifuko ya hewa kama ile ya kinanda. Hakikuwa na picha ya mawingu wala ya ardhi. Kilikuwa na usukani na pedali mahali pale pale zilipo katika ndege halisi, na kwa mashine za ukoo huo marubani wengi mno wa Vita vya Pili vya Dunia walifundishwa. Link alielewa kwamba macho huvumilia udanganyifu mwingi kuliko mikono. Miti ya simyuleta yako inaweza kuonekana kama ya makaratasi na usipungukiwe na chochote, mradi vijiti viwe vya kweli.

Tuanze basi na kile ambacho tayari kipo mtaani. Vibanda vya PlayStation viko kila mahali, na kijana wa Karatina aliyekulia humo atakuambia vijiti viwili anavijua tangu darasa la tatu. Ichukue pedi yake uitazame kwa karibu. Kijiti ni kifupi, kimevishwa kofia ya mpira iliyolika ukingoni, na kidole gumba hukisukuma mwendo mdogo tu kabla hakijagonga ukuta. Kikiachwa, springi hukirudisha katikati kwa kishindo. Hapo katikati pana eneo lililokufa: michezo mingi hupuuza mwendo wa kwanza wa kijiti kwa makusudi, ili mchezaji wa mpira asianze kutembea peke yake pedi ikichakaa. Kwenye mpira hilo halimdhuru mtu. Kwenye ndege inayotua, eneo hilo ndilo unalolihitaji, kwa kuwa kutua ni mfululizo wa masahihisho madogo mno, na pedi inayanyamazia hayo yote kisha inaitikia kwa pupa ukisukuma zaidi.

Kuna na suala la nguvu ya injini. Katika rimoti halisi ya ndege, kijiti kimoja hakina springi kwenye mwendo wake wa juu na chini. Ukikipandisha robo kinabaki robo, na kwenye rimoti nyingi kidole kinahisi meno madogo kikipita. Pedi haina kitu hicho. Ukiachia, kijiti kinarudi katikati na injini inashika nusu ya nguvu, iwe ulikuwa angani au mita moja juu ya nyasi. Wapo waliozoea kushikilia kijiti chini kwa kidole wakati wote wa kutua. Huo ni ustadi, sikatai, ila hautakufaa popote nje ya chumba hicho.

Siipigi pedi marufuku. Iazime wiki moja, uone kama mchezo wenyewe unakuvutia kabla hujatoa hela. Ukiona saa sita za usiku zimekukuta bado unazungusha ndege juu ya uwanja wa bandia, umeshapata jibu, irudishe kwa mwenyewe. Kibodi sina la kusema juu yake: kitufe ama kimebonyezwa ama hakijabonyezwa, na ndege haijui lugha hiyo.

Jitu moja la plastiki lenye kishikio kirefu na kitufe cha risasi, lile la michezo ya marubani, huwavutia sana watu wa Nanyuki, pengine kwa sababu ndege za F-5 za Laikipia zimepita juu ya vichwa vyao tangu utotoni. Liache. Ni zuri kwa anayejifanya amekaa ndani ya ndege. Wewe utakuwa umesimama chini, na mikono yako miwili itakuwa na kazi sawa.

Zinabaki aina mbili za maana. Ya kwanza ni rimoti ya simyuleta tu: ina umbo la rimoti ya ndege, vijiti vyenye urefu unaokaribia ule halisi, waya wa USB, na ndani hakuna redio. Haihitaji betri, haitoi mawimbi yoyote, na ni rahisi kuliko zote. Kwa klabu ya sayansi ya shule, ambako rimoti moja itapita mikononi mwa wanafunzi wengi kwa alasiri moja, ningenunua hizi bila kusita. Kwa mtu mmoja mwenye nia ya kufika uwanjani, ni pesa inayotumika mara mbili.

Aina ya pili ni redio yenyewe, ile utakayorushia ndege baadaye, ikitumika sasa kama kijiti cha kompyuta. Hapa ndipo ninaposimama. Nitataja mbili zinazoonyesha tofauti vizuri, na zote huuzwa chini ya dola 100 za Marekani zinakotoka, kabla ya usafiri na ushuru.

FlySky FS-i6 ni farasi wa kazi wa wanaoanza duniani kote. Inatumia betri nne ndogo za kawaida, zile za saa ya ukutani, na hilo peke yake ni hoja kubwa kwa anayeishi Mweiga au Naro Moru, kwa kuwa betri hizo hazikosekani kwenye duka lolote. Ukiiwasha huku kijiti cha injini kiko juu inapiga kelele na kugoma hadi ukishushe. Tabia njema ya kujifunza mapema. Haina mlango wa USB. Nyuma yake kuna tundu la duara lenye vipini vinne, na kutoka hapo unahitaji waya wa simyuleta wenye kisanduku kidogo kinachogeuza ishara kuwa kitu ambacho kompyuta inakielewa. Waya huo mara nyingi huuzwa kando. Ukisahau kuuagiza pamoja na redio, utakaa na redio nzuri isiyokuwa na pa kuchomekwa.

RadioMaster Pocket, iliyotoka 2023, ni ya kizazi kingine. Ni ndogo, vijiti vyake hufunguliwa na kuhifadhiwa nyuma yake, na ina mlango wa USB wa aina ileile ya simu za siku hizi. Unachomeka, unachagua kwenye kioo chake iwe kijiti cha kompyuta, na kazi imekwisha. Huja bila betri, nazo ni mbili za mviringo aina ya 18650. Fundi yeyote wa laptop atakuambia anazo za kuchomoa kwenye betri kuukuu. Nyingine ni nzima, nyingine zimechoka na hazionyeshi kwa nje. Kwa kifaa kitakachoshikilia ndege angani, nunua mpya.

Tofauti nyingine iko chini ya vijiti, mahali ambapo tangazo la muuzaji halifiki. Redio nyingi za bei nafuu, FS-i6 ikiwemo, hupima mwendo wa kijiti kwa kipande cha chuma kinachosugua ukanda wa kaboni. Kinaposugua, kinakula, na vumbi likiingia, kipimo kinatetemeka. Mtu aliyepita barabara ya Kieni mwezi wa Februari hahitaji kuelezwa vumbi ni nini. Pocket na wenzake hutumia sumaku na kihisi kisichogusana na kitu, kwa hiyo hakuna kinachosugua. Kama fedha zako zinatosha kitu kimoja tu cha ziada, kilipie hicho, uache idadi ya chaneli na rangi ya kioo.

Sasa swali ambalo huwagawa watu kuliko siasa: kijiti gani kifanye nini? Kuna mipango minne, miwili ndiyo yenye wafuasi wengi. Katika mpango wa pili, mkono wa kushoto unashika nguvu ya injini na kugeuza mkia, wa kulia unainua pua na kulaza mabawa. Katika mpango wa kwanza, injini iko kulia pamoja na mabawa, pua iko kushoto pamoja na mkia. Wajapani wengi na Waaustralia wengi hurusha kwa mpango wa kwanza, tena vizuri sana, kwa hiyo usidanganywe kwamba mmoja ni wa kitoto. Lakini chagua wa pili. Droni za DJI, ambazo ndizo utakazokutana nazo mikononi mwa wapiga picha wa harusi na wapima ardhi wa huku, hutoka kiwandani zikiwa hivyo. Na katika mji wenye warushaji wachache, siku ndege yako ikianza kukushinda utataka kumtupia aliye karibu nawe rimoti na kusema, “Kaka, ishike!” Akikuta injini iko mkono usio wake, nyote wawili mtaenda kuokota vipande.

Sharti hilo likaguliwe kabla ya kulipa. Kubadilisha mpango kwenye programu ya redio ni dakika moja, ila springi haihami kwa amri ya kioo. Ni lazima ufungue kifuniko, uihamishe kwa bisibisi ndogo, na ukae na skrubu usiyojua ilikotoka.

Kompyuta isikutie hofu. Zile laptop za ex-UK zinazouzwa mjini huendesha simyuleta nyepesi za bure kama CRRCsim na PicaSim bila kulalamika. RealFlight, ambayo ni ya kulipia na ya Windows, inadai mashine yenye misuli zaidi. Asiye na kompyuta anaweza kuunganisha redio yenye USB na simu ya Android kwa waya wa OTG, ule wa kuchomekea flashi. Simu nyingi huitambua mara moja. Kinachobaki ni kama programu uliyopakua inakubali vijiti vya nje, na nyingine hazikubali. Ijaribu kwa pedi ya kuazima kwanza. Kuunganisha kwa Bluetooth nakushauri uepuke, kwa sababu ishara inaweza kuchelewa kidogo, na mkono unaozoea kuchelewa utakuja kusahihisha ndege halisi kabla ya wakati. Ishara ya waya ya redio za zamani hutumwa mara 44 hivi kwa sekunde, na hiyo inatosha kabisa.

Kuna jambo moja ambalo rimoti nzuri haitaliponya, nalo linatuhusu sisi wa mlimani. Mji wa Nyeri uko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, Nanyuki karibu mita 1,950. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban moja ya sita. Ndege ile ile, yenye uzito ule ule, lazima iende kwa kasi zaidi, karibu moja ya kumi, ili mabawa yaibebe, na propela inashika hewa haba zaidi. Uwanja wa simyuleta mara nyingi uko usawa wa bahari. Aliyejifunza kutua humo kwa ustadi atashangaa Chaka akiona ndege yake inafika chini kwa haraka na kuteleza mbali kuliko alivyozoea. Kama simyuleta yako inaruhusu kubadili mwinuko wa uwanja, ubadilishe siku ya kwanza. Kama hairuhusi, iongezee ndege uzito kwenye mipangilio; si kitu kile kile, lakini itakulazimisha kuja na kasi.

Ukinunua redio ya mitumba, nayo ni njia nzuri, usitosheke kuiona inawaka. Beba laptop, au simu yenye OTG, na waya unaohusika. Fungua ukurasa wa kupima vijiti, ambapo kila mwendo huonyeshwa kwa mstari unaopanda na kushuka. Viache vijiti katikati, ondoa mikono, na utazame. Mstari unaotetemeka bila kuguswa ni ukanda uliolika. Sukuma kila kijiti pole pole hadi mwisho: mstari ukiruka hatua, ni yale yale. Kisha kipeleke hadi kona, ukiachie, na uone kama kinarudi pale pale kilipokuwa au pembeni kidogo. Muuzaji anayesema hana muda wa hayo, mwachie mali yake.

Iliyobaki ni kazi ya jioni moja. Tengeneza ndani ya redio modeli mpya uipe jina la simyuleta, tupu, isiyo na michanganyiko wala masahihisho ya aina yoyote, kwa sababu simyuleta huweka yake, na yakijumlishwa ndege itaitikia kama mlevi. Zungusha vijiti hadi kwenye kona zote nne wakati programu inavipima, lakini bila kuvikandamiza ukutani. Zima sehemu ya redio inayotoa mawimbi kama kifaa chako kinaruhusu, betri zitadumu zaidi. Chagua ndege ya mafunzo yenye bawa juu ya kiwiliwili, weka upepo sifuri, na uanze kuileta kuelekea kwako.